Programu hudumu, mwanahisa huumia: ushindani wa kampuni za hifadhidata na fedha za wawekezaji

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusimamia hifadhidata, au kanzidata kama wengine wanavyoziita, yaani programu zinazotunza kumbukumbu za taasisi, na siku za karibuni nimeulizwa mara kwa mara iwapo ni busara kununua hisa za kampuni zinazotengeneza programu hizo katika masoko ya Marekani. Wanaoniuliza huja na hoja moja iliyokwisha kuiva vichwani mwao: benki haiwezi kufungua milango bila hifadhidata, kampuni ya simu haiwezi kujua salio la mteja bila hifadhidata, na aliyekwisha kuweka kumbukumbu zake humo hahami kirahisi, kwa hiyo, wanasema, mwenye hisa za mtengenezaji ana uhakika wa kula mwaka hadi mwaka. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli na mimi ni shahidi wake. Sehemu ya mwisho naikataa, na nitaeleza sababu kwa kufuata historia ya biashara yenyewe, ambayo imewagharimu watu fedha nyingi.

Nianze na huko kutohama. Hifadhidata si kabati la majalada unaloweza kulisogeza kwenda chumba cha pili. Ndani yake mna taratibu zilizoandikwa kwa lugha ya mtengenezaji yule yule: Oracle ina PL/SQL yake, Microsoft na Sybase zina Transact-SQL yao, na kilichoandikwa kwa moja hakifanyi kazi kwa nyingine mpaka kiandikwe upya na kujaribiwa upya. Katika taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi tulipanga kuhamisha mfumo mmoja wa hesabu kwa miezi 6, tukatumia zaidi ya miaka 2. Kwa muda mrefu mifumo miwili ilikwenda sambamba na kila usiku tulilinganisha salio la mteja mmoja mmoja, kwa kuwa tofauti ya shilingi 1 katika akaunti 1 ilitosha kusimamisha zoezi zima. Ndiyo maana ada ya matunzo ya kila mwaka, ambayo kwa Oracle ni asilimia 22 ya bei ya leseni, watu huilalamikia na bado huilipa.

Basi kama mteja hahami, ushindani unatoka wapi? Unatoka kwa mteja ambaye bado hajafungwa. Kila mfumo mpya unaojengwa ni nafasi moja ya kumpata mtu atakayelipa kwa miaka 20, kwa hiyo kampuni huupigania mkataba wa kwanza kwa kila silaha: punguzo la bei, ahadi ya toleo ambalo halijakamilika, na mara nyingine hesabu zisizo za kweli. Mteja akishatulia hana habari na vita hivyo. Anayebeba gharama zake ni mwanahisa.

Vita vya kwanza vilianza baada ya Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM kuchapisha mwaka 1970 wazo la kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana. IBM yenyewe ilichelewa kuligeuza wazo hilo kuwa bidhaa, na wengine wakaliwahi. Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha mwaka 1977 kampuni iliyokuja kuitwa Oracle. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walijenga Ingres, iliyozaa kampuni yake mwaka 1980. Informix ilianza mwaka huo huo, na Sybase ikafuata mwaka 1984. Mtu aliyekuwa na fedha katikati ya miaka ya 1980 alikuwa na farasi wanne wa kuchagua, na wataalamu wengi wa wakati ule waliiona Ingres kuwa na ufundi bora kuliko Oracle. Hata hivyo Ingres ilijengwa juu ya lugha ya kuiuliza hifadhidata iitwayo QUEL, na mwaka 1986 SQL ndiyo iliyofanywa kuwa lugha rasmi ya kiwango nchini Marekani. Ingres ikalazimika kukimbilia lugha ya washindani wake, ikauzwa kwa kampuni ya ASK mwaka 1990, na ASK nayo ikamezwa na Computer Associates mwaka 1994. Uamuzi wa kamati ya viwango, ambao hakuna mwanahisa aliyeupigia kura, uligeuza thamani ya mali yake.

Oracle ilipeleka hisa zake kwa umma tarehe 12 Machi 1986, siku moja kabla ya Microsoft, kwa dola 15 kila moja. Iliuza kwa ukali usio wa kawaida. Wauzaji wake walilipwa kwa mikataba waliyosaini, nao wakasaini hata na wateja ambao fedha zao zilikuwa mbali, na kampuni ikaandika mapato hayo vitabuni mapema mno. Machi 1990 ukweli ulipoanza kujitokeza hisa ilipoteza karibu theluthi ya thamani yake kwa siku moja. Baadaye mwaka huo kampuni ilitangaza hasara ya robo mwaka kwa mara ya kwanza, ikarekebisha hesabu zake na kupunguza wafanyakazi, na mwaka 1993 ikalipa faini ya dola 100,000 kwa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani. Naomba mwangalie ukubwa wa faini hiyo mkiulinganisha na hasara ya wenye hisa. Oracle ilipona kwa sababu iliweka watu wapya katika fedha na mauzo, na kwa sababu toleo lake la 7, lililotoka mwaka 1992, lilikuwa zuri kweli.

Sybase ilikuwa na bidhaa iliyopendwa sana na nyumba za fedha za New York. Kosa lake lilikuwa la kimkataba: ilimpa Microsoft haki ya kuuza hifadhidata yake kwa jina la SQL Server, na walipoachana katikati ya miaka ya 1990 Microsoft ilibaki na msimbo, yaani maandishi ya ndani ya programu, wa toleo la Windows, ikauendeleza na kuuza kwa bei ambayo Sybase haikuweza kuifuata. Toleo la Sybase liitwalo System 10 likaja na matatizo ya kasi wakati huo huo, na mwaka 1995 hisa ikaporomoka. Kampuni ya programu ya SAP iliinunua Sybase mwaka 2010 kwa dola bilioni 5.8, bei nzuri kwa aliyeingia mwishoni, lakini aliyenunua karibu na kilele cha katikati ya miaka ya 1990 alikuwa amengoja miaka 15.

Informix nataka niikalie kwa muda, maana ndiyo inayoonyesha hoja yangu kuliko zote.

Katikati ya miaka ya 1990 Informix, chini ya Phil White, ndiyo iliyoonekana kuwa tishio la kweli kwa Oracle. Ilinunua Illustra, kampuni mpya ya Stonebraker yule yule, ikatangaza kwamba hifadhidata yake sasa ingeweza kutunza picha, ramani na aina nyingine za taarifa ambazo majedwali ya kawaida hayakuziweza. Ilisimamisha hata bango karibu na makao makuu ya Oracle huko Redwood Shores, California, likiwatahadharisha madereva kwamba mbele kuna dinosaria wanaovuka. Wachambuzi wa hisa walipenda sana mashindano hayo ya hadharani, na kila robo mwaka walitaka kuona Informix ikikua kwa kasi kuliko mpinzani wake.

Tarehe 1 Aprili 1997 kampuni ilikiri kwamba mapato ya robo ile yalikuwa pungufu kwa takriban dola milioni 100 kuliko yalivyotarajiwa, na hisa ikaanguka vibaya. Uchunguzi uliofuata ulionyesha namna mapato ya nyuma yalivyopatikana. Leseni ziliuzwa kwa wauzaji wa kati ambao walikuwa hawajampata mnunuzi wa mwisho, na papo hapo zikahesabiwa kuwa mapato. Kulikuwa na barua za pembeni, ambazo wakaguzi hawakuonyeshwa, zikimruhusu mnunuzi kurudisha mzigo au kutolipa. Kulikuwa pia na mikataba ambamo Informix ilinunua kompyuta kutoka kwa kampuni ile ile iliyonunua leseni zake, kiasi kwamba fedha zilitoka mlango mmoja na kurudi kwa mlango mwingine. Faida ya mwaka 1996, iliyotangazwa kuwa dola milioni 97.8, iligeuka kuwa hasara ya dola milioni 73.6 hesabu ziliporekebishwa. White alikiri kosa la udanganyifu wa hisa na mwaka 2004 akahukumiwa kifungo cha miezi 2.

Naomba hapa tuwe makini. Je, hifadhidata ya Informix ilikuwa mbovu? Hapana. IBM iliinunua biashara hiyo mwaka 2001 kwa dola bilioni 1, na programu yenyewe inaendelea kuuzwa na kutunzwa hadi leo, zaidi ya miaka 20 baadaye. Wateja hawakuhama, kama vile hoja ya wanaoniuliza inavyotabiri. Ada zao za kila mwaka ziliendelea kulipwa, ila zilikwenda kwa mmiliki mwingine, na mtu aliyenunua hisa mwaka 1996 kwa kuvutiwa na uthabiti wa wateja hao hakuwa na sehemu yoyote katika ada hizo. Uaminifu wa mteja ni mali ya yeyote atakayeimiliki programu wakati huo. Mwanahisa aliyenunua kwa bei ya juu, au kwa hesabu za uongo, amelipia uaminifu ambao mwingine ataufaidi.

Vita vya pili vina sura tofauti, kwa kuwa mshindani ni programu huria, ambayo msimbo wake hutolewa bure, pamoja na kampuni za kompyuta wingu, yaani zinazokodisha kompyuta zao kupitia mtandao, zinazoichukua programu hiyo na kuikodisha. Kampuni ya kompyuta ya Sun ilinunua hifadhidata huria ya MySQL mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, na Oracle ikainunua Sun yenyewe kwa dola bilioni 7.4, ununuzi uliokamilika Januari 2010 baada ya Tume ya Ulaya kuuchunguza kwa hofu kwamba Oracle ingemnyonga mshindani wake wa bure. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alikwisha kuchukua msimbo na kuanzisha tawi lake, akaliita MariaDB kwa jina la binti yake mdogo, kama alivyoiita MySQL kwa jina la binti yake mkubwa. Wikipedia ilihamia MariaDB mwaka 2013, na mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Debian umeifanya kuwa chaguo lake la kawaida tangu mwaka 2017. Kwa kipimo cha matumizi, ni ushindi mkubwa.

Kwa kipimo cha mwekezaji, tazameni. Kampuni ya MariaDB iliingia katika soko la hisa la New York Desemba 2022 kwa kuungana na kampuni tupu, yaani ile inayokusanya kwanza fedha za umma, kwa kawaida kwa dola 10 kila hisa, ndipo itafute biashara ya kuungana nayo. Ilithaminiwa kwa dola milioni 672. Hisa ilianguka vikali siku ya kwanza na haikuinuka tena. Mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya K1 iliwanunua wanahisa wote kwa senti 55 kila hisa, jumla ikiwa takriban dola milioni 37. Siku hiyo hiyo, nina hakika, kulikuwa na maelfu ya seva duniani zinazoendesha MariaDB bila hitilafu na bila kulipa hata senti moja.

MongoDB, kampuni nyingine ya hifadhidata, ilijifunza kutokana na hatari hiyo, ingawa somo lilimuumiza mwanahisa njiani. Iliuza hisa kwa umma Oktoba 2017 kwa dola 24. Oktoba 2018 ilibadili leseni yake ili yeyote anayeikodisha kama huduma alazimike kuweka wazi msimbo wote anaotumia kuiendesha, na walengwa walikuwa wenye mawingu makubwa. Januari 2019 Amazon ilijibu kwa DocumentDB, huduma yake yenyewe inayozungumza na programu za wateja kwa lugha ya MongoDB bila kutumia msimbo uliolindwa, na hisa ya MongoDB ikashuka kwa zaidi ya asilimia 10 mara moja. Kampuni haikufa. Huduma yake ya wingu, Atlas, ilikua hadi kuleta zaidi ya theluthi mbili ya mapato, na mapato ya mwaka yakapanda kutoka dola milioni 874 katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2022 hadi dola bilioni 2 katika ule ulioishia Januari 2025. Lakini hisa iliyokaribia dola 590 Novemba 2021 ilikuwa chini ya nusu ya bei hiyo Machi 2025, mwezi ambao ilianguka kwa zaidi ya robo kwa siku moja baada ya kampuni kutoa makadirio yaliyowakatisha tamaa wachambuzi. Biashara ilikuwa imekua zaidi ya maradufu, na aliyenunua hisa karibu na kilele cha 2021 alikuwa amepoteza zaidi ya nusu.

Snowflake, kampuni ya hifadhidata za wingu, nitaieleza kwa ufupi hapa, maana naona nitaulizwa. Iliuza hisa Septemba 2020 kwa dola 120, lakini mtu wa kawaida hakuipata kwa bei hiyo, kwa sababu biashara ya siku ile ilifunguliwa kwa dola 245 na kufungwa karibu dola 254. Kampuni kubwa za Berkshire Hathaway na Salesforce kila moja ilinunua hisa za dola milioni 250 kwa bei ile ya dola 120. Thamani ya kampuni jioni ile ilikuwa kiasi cha dola bilioni 70, wakati mapato yake ya mwaka wa fedha uliotangulia yalikuwa dola milioni 265. Yaani soko lililipa zaidi ya mara 250 ya mauzo, si ya faida. Kufikia mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025 mapato yalikuwa yamekua zaidi ya mara 13, na bado hisa mwishoni mwa Januari hiyo ilikuwa chini ya dola 200. Baadaye mwaka 2025, takriban miaka 5 baada ya kuingia sokoni, ndipo iliporudi tena juu ya bei ya siku ya kwanza.

Karibuni kwa maswali na kwa kunisahihisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi uliochambuliwa vizuri, lakini naona Oracle inaivunja hoja yako. Aliyenunua mwaka 1986 na kutulia leo ni tajiri, na kampuni imekuwa ikitoa gawio tangu mwaka 2009. Huoni kwamba kutulia ndiko kulikolipa?

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitaki kulikwepa. Ni kweli kwamba mwenye hisa za Oracle wa 1986 ambaye hakuuza amevuna. Lakini mtu huyo alipaswa kwanza kuichagua Oracle kati ya kampuni nne ambazo tatu hazipo tena kama kampuni huru, kisha kuvumilia mwaka 1990, kisha kuvumilia tena baada ya 2000, maana kilele cha mwaka huo kilichukua zaidi ya miaka 10 kufikiwa tena. Tunamkumbuka yeye kwa sababu alibaki. Wale wa Ingres na Informix hawana hadithi ya kusimulia, na hivyo hatuwasikii.

Liko jambo la pili, ambalo ni la leo. Tarehe 10 Septemba 2025 hisa ya Oracle ilipanda kwa takriban asilimia 36 kwa siku moja, baada ya kampuni kusema ina mikataba ya dola bilioni 455 ambayo bado haijageuka kuwa mapato. Mikataba hiyo kwa sehemu kubwa haihusu hifadhidata. Inahusu kukodisha kompyuta za akili mnemba, na sehemu kubwa yake inategemea mteja mmoja, OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT. Ili kuitekeleza Oracle inakopa kwa wingi. Mwezi ule ule iliuza hati fungani za dola bilioni 18. Kabla ya mwaka kwisha hisa ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya bei yake ya kilele. Sisemi uamuzi wa kampuni ni mbaya. Ninachosema ni kwamba mtu anayenunua Oracle leo kwa kuamini ada za matunzo ya hifadhidata za benki ananunua kwa kweli mjenzi wa vituo vya kompyuta mwenye madeni makubwa, na ada za benki ndizo dhamana ya mradi huo. Hatari aliyoichukua si ile anayodhani.

Mchangiaji wa pili

Mleta uzi, heshima kwako. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu na ningependa uende ndani zaidi kuhusu Snowflake, kwa sababu naona inatajwa kila mahali pamoja na Databricks. Nani anamshinda nani, na mwekezaji mdogo aangalie nini?

Mleta uzi

Dada au kaka, ahsante. Kwanza elewa jambo moja la ajabu katika biashara ya Snowflake: programu yake inaendeshwa juu ya kompyuta za Amazon, Microsoft na Google, na kila mmoja wa hao watatu anauza bidhaa yake ya kushindana nayo, Amazon ina Redshift, Google ina BigQuery. Ni sawa na mama lishe aliyepanga banda kwa mtu mwenye mgahawa mlango wa pili. Kila sahani anayouza, sehemu ya fedha inakwenda kwa mpinzani wake kama kodi, na mpinzani anajua kodi hiyo ni kiasi gani.

Databricks ilianzishwa mwaka 2013 na watu waliotengeneza Spark, programu ya kuchakata taarifa nyingi, pale Berkeley. Walikuja kwa njia nyingine: taarifa zikae katika mafaili ya mteja mwenyewe, kwa muundo ulio wazi, na programu mbalimbali zizisome. Njia hiyo inagonga moja kwa moja kile kifungo nilichokieleza mwanzoni. Kama majedwali yako yamehifadhiwa kwa muundo huria uitwao Iceberg, unaweza kumwita Snowflake leo na mwingine kesho bila kuhamisha kitu. Wateja waliudai muundo huo, Snowflake ikaukubali, na mapema mwaka 2024 viongozi wake wakawaambia wawekezaji wazi kwamba baadhi ya mapato ya uhifadhi yangepungua kwa sababu yake. Siku moja baada ya taarifa hiyo, iliyokuja pamoja na kustaafu kwa mkurugenzi mkuu Frank Slootman, hisa ilishuka kwa takriban asilimia 18. Miezi michache baadaye Databricks ikainunua Tabular, kampuni ya waasisi wa Iceberg. Katika robo hizo hizo Berkshire iliuza hisa zake zote za Snowflake.

Wewe kama mhasibu, kipimo ninachokushauri ukifuatilie ni kile kinachoonyesha wateja wa mwaka jana wanalipa kiasi gani mwaka huu. Kwa Snowflake kilikuwa asilimia 178 mwishoni mwa Januari 2022, maana yake aliyelipa 100 sasa analipa 178. Mwishoni mwa Januari 2025 kilikuwa asilimia 126. Bado ni ukuaji mzuri, lakini aliyenunua hisa kwa dola 400 mwishoni mwa 2021 alilipia ukuaji wa aina ile kana kwamba ungedumu. Kipimo cha pili ni hisa zinazogawiwa wafanyakazi kama malipo. Katika mwaka huo wa fedha 2025 zilikuwa zaidi ya theluthi ya mapato yote ya kampuni. Utasikia kampuni ikitangaza kwamba ina fedha taslimu nyingi kutokana na uendeshaji, na ni kweli, lakini sehemu ya mishahara inalipwa kwa kukata vipande vya umiliki wako.

Kuhusu Databricks, mwekezaji mdogo hana cha kununua. Ilithaminiwa dola bilioni 62 mwishoni mwa 2024 na zaidi ya dola bilioni 100 mwaka 2025, yote bado mikononi mwa wawekezaji wakubwa. Siku itakapofika sokoni, ukuaji wake wa haraka zaidi utakuwa umekwisha kuliwa na wengine. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam ataingia kwa bei ambayo wao wanataka kuuzia.

Mchangiaji wa tatu

Na Postgres? Ofisini kwetu tumehamia huko kwa mifumo yote mipya na hatulipi leseni kabisa. Nani anapata faida?

Mleta uzi

Postgres ni hifadhidata huria, mjukuu wa Ingres. Stonebraker aliianza Berkeley mwaka 1986, na leo haimilikiwi na kampuni yoyote. Wanaopata faida ni wenye mawingu wanaoikodisha, kama Amazon kwa Aurora, na waliowekeza mapema katika kampuni ndogo zinazoizunguka. Mwaka 2025 Databricks iliinunua Neon kwa takriban dola bilioni 1, na Snowflake ikajibu kwa kuinunua Crunchy Data kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 250. Mwanahisa wa kawaida hakuwa na kiti katika lolote la hayo.

Na tafadhali mwangalie yaliyowapata waliokuwa na kiti. Couchbase, kampuni nyingine ya hifadhidata, iliuza hisa kwa umma Julai 2021 kwa dola 24. Mwaka 2025 kampuni ya Haveli ilikubali kuinunua yote kwa dola 24.50. Miaka 4 kwa senti 50, na hiyo ni kwa aliyebahatika kupata bei ya kwanza, kwani siku ile ile ya kwanza soko liliipandisha hadi karibu dola 30. Confluent, ambayo si hifadhidata hasa bali huzisafirishia taarifa, iliuzwa kwa dola 36 Juni 2021, na Desemba 2025 IBM ikakubaliana kuinunua kwa dola 31. IBM ilifanya vivyo hivyo kwa Informix mwaka 2001: ilisubiri bei ichoke, ikachukua wateja.

Kwa hiyo ukitaka kusoma taarifa ya mwaka ya kampuni ya aina hii, usianzie kwenye ukurasa wa ukuaji wa mapato. Anzia kwenye sehemu ya hatari za biashara, tafuta jina la mwenye wingu ambaye kampuni inamlipa kodi, kisha nenda kwenye maelezo ya hesabu uone mapato huandikwa lini: siku mkataba unaposainiwa, au kadiri mteja anavyotumia.